Perege wa Mto Pangani na Kazi ya Kuwapa Samaki Majina

Perege ni jina ambalo wavuvi na wachuuzi wa Tanzania huwaita samaki wengi wa maji baridi wenye mwili bapa na pezi refu la mgongoni lenye miiba, lakini kwa mtaalamu wa samaki jina hilo halimtaji samaki mmoja, bali linakusanya spishi nyingi, yaani makundi ya viumbe ambavyo kwa kawaida huzaana vyenyewe kwa vyenyewe na kurithisha sifa zinazovitenga na vingine. Kuzitambua spishi hizo moja baada ya nyingine, na kuzieleza kwa maandishi ili mtu mwingine popote aweze kuzitambua tena, ni kazi ya miaka mingi, na Mto Pangani ni mfano mzuri wa namna inavyofanyika.

Mnamo 1955 Rosemary Lowe, mtaalamu Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki huko Jinja, Uganda, alichapisha maelezo ya perege wapya wa Ziwa Jipe na Mto Pangani, akiwaita wengine kwa majina ya mahali walikopatikana, kama vile jipe, pangani na korogwe. Leo samaki hao wamo katika jenasi ya Oreochromis, na jenasi ni kundi linalounganisha spishi zenye nasaba ya karibu. Inafaa kukumbukwa kwamba jina hilo, ambalo sasa linatumika duniani kote kwa perege wanaofugwa, lilibuniwa mwaka 1889 kwa ajili ya samaki wa Ziwa Chala, chini ya Mlima Kilimanjaro, na sehemu yake ya kwanza imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mlima.

Samaki hawi mpya kwa sababu tu aliyemvua hajapata kumwona. Mtafiti hulazimika kumlinganisha na spishi zote za karibu zilizokwisha kuelezwa, zikiwamo zile zilizomo katika orodha kubwa ya samaki wa maji baridi wa Afrika ambayo George Albert Boulenger aliichapisha London katika majuzuu manne kati ya 1909 na 1916. Huhesabu miiba na vijiti laini vya mapezi, pamoja na magamba yaliyo kwenye mstari wa ubavuni, ambao humwezesha samaki kuhisi mtikisiko wa maji. Hupima urefu wa kichwa, upana wa jicho na kina cha mwili. Tena huchunguza meno ya kooni, kwa kuwa meno hayo hudokeza chakula cha samaki. Rangi zinahitaji haraka, maana dume la perege hubadilika rangi wakati wa kuzaliana, na pengine rangi hiyo ndiyo inayomtofautisha waziwazi na jirani yake, lakini samaki akishatiwa katika formalini ili asioze, rangi hupotea. Kwa hiyo hupigwa picha akiwa angali mbichi, na kipande kidogo cha pezi huhifadhiwa katika spiriti, kwa sababu formalini huharibu vinasaba, ambavyo siku hizi hufichua tofauti zisizoonekana kwa macho.

Baada ya hapo huteuliwa samaki mmoja awe kielelezo rasmi kinachobeba jina, naye huhifadhiwa katika makumbusho ili mabishano yote ya baadaye yarejee kwake. Maelezo yakichapishwa kwa kufuata kanuni za kimataifa, jina huwa halali, na likigunduliwa jina la zamani zaidi la samaki yuleyule, kwa kawaida lile lililotangulia ndilo hushika. Hata hivyo, maelezo ya spishi ni hoja inayoweza kupingwa: baadhi ya majina ya Lowe yalikuja kuunganishwa na wataalamu waliofuata, walioona kwamba tofauti alizoziandika hazikutosha kutenga spishi. Hilo halipunguzi thamani ya kazi yake, kwani ni vipimo na vielelezo alivyoviacha vilivyowezesha wengine kumsahihisha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba samaki wenyewe wanabadilika kabla hawajaelezwa vya kutosha. Sato, perege wa asili ya Mto Nile na baadhi ya maziwa ya Bonde la Ufa la magharibi, amepandikizwa katika mito na mabwawa mengi ya Tanzania kwa sababu hukua haraka, na anapokutana na perege wenyeji huweza kuzaana nao, hivi kwamba baada ya vizazi kadhaa sifa za wenyeji huyeyuka. Katika maziwa madogo ya mkoa wa Lindi, zaidi ya kilomita 500 kusini mwa Korogwe, watafiti wamekuta perege wa aina ya korogwe ambao vinasaba vyao vinatofautiana na vya ndugu zao wa kaskazini, lakini katika Ziwa Rutamba wamekuta pia machotara waliotokana na sato. Mchanganyiko wa namna hiyo ukishaenea, hakuna kipimo wala maabara inayoweza kumrudisha samaki wa awali.

Ufugaji wa samaki ni riziki ya halali na haupaswi kuzuiwa. Lakini kila mfugaji, na kila ofisa anayegawa vifaranga, anaombwa aulize kwanza ni perege gani wanaoishi katika mto ulio karibu, na asimwachie sato katika maji ambayo bado hajafika.