Tiba ya mishipa ya ubongo bila kupasua fuvu: Ina faida gani kwa mgonjwa wa Bukoba na Muleba?

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KWA miaka mingi maneno “upasuaji wa ubongo” yamewatia hofu wagonjwa na ndugu zao, kwa kuwa yalimaanisha jambo moja tu: kunyolewa nywele, kukatwa mfupa wa fuvu na kufunguliwa kichwa. Leo hii sehemu ya magonjwa hayo, hasa ya mishipa ya damu, hutibiwa kwa kupitia tundu dogo linalotobolewa kwenye kinena au kwenye kifundo cha mkono, na fuvu likabaki kama lilivyo.

Huduma hiyo si ya kufuatwa India peke yake. Mwanzoni mwa muongo huu wa 2020, Taasisi ya Tiba ya Mifupa na Ubongo Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam, ilifunga mtambo wa angiografia na kuanza kutibu mishipa ya ubongo kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Bukoba au Muleba, kuwapo kwa huduma hiyo Dar es Salaam ni nusu tu ya habari. Kati ya Bukoba na Dar es Salaam kuna takriban kilometa 1,400 kwa barabara, na umbali huo hauwaathiri wagonjwa wote kwa kiwango kimoja. Yapo magonjwa ya mishipa ya ubongo yanayoweza kusubiri safari, na yapo yasiyosubiri. Kushindwa kuyatofautisha kunaweza kuifanya familia iuze shamba kwa ajili ya tiba ambayo muda wake umekwishapita, au ikae nyumbani na mgonjwa ambaye bado angeweza kuokolewa.

Mishipa huharibika vipi?

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayoingia mwilini. Hauna akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli zake huanza kufa.

Damu hiyo hukatika kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mshipa kuziba, mara nyingi kwa bonge la damu iliyoganda ambalo limetoka kwenye moyo au kwenye mishipa ya shingo. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Vyote viwili huitwa kiharusi, na kwa macho hufanana: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kutotoka. Lakini tiba ya kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine.

Yako pia magonjwa yanayokaa kimya. Aneurizimu ni sehemu ya ukuta wa mshipa iliyodhoofika ikavimba kama puto. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, hadi ipasuke. Wengine huzaliwa na fundo la mishipa, ambamo damu hupita kwa nguvu moja kwa moja kutoka kwenye mishipa inayotoka kwenye moyo hadi ile inayorudi kwenye moyo, bila kupitia vijishipa vidogo vya kuipunguza kasi. Fundo hilo huweza kuleta kifafa au kuvuja damu.

Tatizo hili si dogo nchini. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika Jiji la Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulionyesha kuwa kila mwaka watu wapatao 109 kati ya 100,000 hupata kiharusi Hai. Kwa Dar es Salaam idadi hiyo ilikuwa 316, baada ya takwimu kurekebishwa kulingana na umri. Hivyo, kiharusi si ugonjwa wa wazungu wala wa matajiri.

Tiba hufanyikaje?

Msingi wa tiba hii uliwekwa zamani. Mwaka 1927 daktari Mreno, Egas Moniz, alifanikiwa kupiga picha za eksirei za mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai kwa kuingiza kwenye damu dawa inayoonekana katika picha hizo. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alichapisha mbinu ya kupitisha mrija ndani ya mshipa kwa kutumia sindano na waya, mbinu inayotumika mpaka leo. Mwaka 1990 Guido Guglielmi, daktari Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, Marekani, alianza kuziba aneurizimu za wagonjwa kwa nyaya laini za platinamu ziitwazo koili.

Mgonjwa hulazwa kwenye meza ya mtambo wa angiografia, ambao huonyesha mishipa kwenye runinga wakati kazi ikiendelea. Hupewa dawa ya usingizi au ganzi. Daktari hutoboa mshipa mkubwa wa kinena au wa kifundo cha mkono, kisha huingiza mrija mwembamba uitwao katheta. Mrija huo husukumwa taratibu kupita kifuani na shingoni hadi ndani ya ubongo. Njia hiyo haimuumizi mgonjwa, kwa kuwa ndani ya mishipa hamna hisia za maumivu kama zilizo kwenye ngozi.

Ukishafika, kinachofanyika hutegemea ugonjwa. Kama ni aneurizimu, koili husukumwa ndani yake zikajikunja kama uzi kwenye kibuyu, damu ikaganda humo na puto likazibika. Kama ni fundo la mishipa, huingizwa dawa ya majimaji inayogeuka kuwa ngumu na kuliziba. Kama ni bonge la damu, hunaswa kwa kijiwavu cha chuma au hufyonzwa, na damu huanza kupita tena papo hapo.

Je, ni bora kuliko kufungua fuvu? Kwa aneurizimu iliyopasuka, jibu lilitolewa na utafiti wa kimataifa uitwao ISAT, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wagonjwa 2,143. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 23.7 ya waliotibiwa kwa koili walikuwa wamefariki au wanategemea kuhudumiwa na wengine, ikilinganishwa na asilimia 30.6 ya waliofunguliwa fuvu. Hata hivyo, upasuaji wa kawaida haujafutwa. Zipo aneurizimu ambazo umbo au mahali pake panafaa zaidi kisu.

Hatari nazo zipo. Mrija unaweza kutoboa mshipa au kusababisha bonge jipya la damu, na dawa ya picha inaweza kuwadhuru wenye figo dhaifu. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hayo kabla ya kutia saini.

Saa, siku na wiki

Hapa ndipo umbali wa Kagera unapoanza kuhesabika. Magonjwa haya yana saa zake, na kila moja hukimbia kwa kasi yake.

Kwa mshipa mkubwa uliozibwa na bonge la damu, muda ni wa saa chache. Mwaka 2006 mtaalamu wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kuwa mgonjwa wa aina hiyo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge, alteplase, iliyoingizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kuvuta bonge kwa katheta hufanyika kwa kawaida ndani ya saa 6. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 500 walishirikishwa. Asilimia 32.6 ya waliovutwa bonge waliweza kujitegemea baada ya siku 90, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa tiba ya kawaida pekee. Mwaka 2018 tafiti zilionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo maalumu wanaweza kunufaika hata hadi saa 24.

Muleba hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 60. Mgonjwa wa visiwa vya Goziba, Bumbire au Ikuza huanza kwanza na safari ya boti. Bukoba hadi Mwanza, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ni zaidi ya kilometa 400 kwa barabara, ingawa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kusubiri kivuko. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa wengi wa kijijini mwenye bonge la damu hataiwahi meza ya angiografia Dar es Salaam. Kumkimbiza huko siku ya tatu kwa lengo la kuvutwa bonge ni kuchelewa. Kinachomfaa wakati huo ni kulazwa karibu, kukingwa na nimonia na vidonda vya kulalia, na kuanza mazoezi ya viungo mapema.

Kwa aneurizimu iliyopasuka, muda ni wa siku. Dalili yake kuu ni maumivu ya kichwa ya ghafla, makali kuliko yote ambayo mtu amewahi kuyapata, pengine pamoja na kutapika, shingo kukakamaa au kuzimia. Aneurizimu hiyo inaweza kupasuka tena, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Mgonjwa aliyegunduliwa haraka na kusafirishwa kwa ndege ana nafasi halisi ya kuokolewa. Aliyepewa vidonge vya maumivu akarudishwa nyumbani anaweza kuipoteza.

Kwa aneurizimu isiyopasuka na mafundo mengi ya mishipa, muda huhesabiwa kwa wiki au miezi. Hawa ndio ambao rufaa ya kutoka Kagera huwafaa zaidi, kwani safari inaweza kupangwa, fedha zikatafutwa na vipimo vikakamilika.

Kundi la mwisho lisisahaulike. Wengi wanaovuja damu ndani ya ubongo kutokana na shinikizo la damu hawana aneurizimu wala fundo. Kilichopasuka ni kijishipa kidogo ambacho katheta haina la kufanya nacho. Tiba yao ni kushusha shinikizo kwa uangalifu na uuguzi mzuri, na kwa baadhi, upasuaji wa kuondoa damu.

Mlango ni kipimo, si katheta

Kinachotenganisha makundi hayo ni kipimo cha CT-Scan, ambacho huonyesha kama damu imemwagika au la. Kuanzia mwaka 2021 Serikali ilisambaza mashine hizo katika hospitali za rufaa za mikoa, vipimo ambavyo awali vilifuatwa mbali. Wakazi wa kusini mwa Muleba wanaweza pia kuwa karibu zaidi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato, mkoani Geita. Hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, ambako wagonjwa wengi wa Muleba hufikishwa kwanza, zina jukumu la kumtambua mgonjwa na kumpeleka panapostahili bila kuchelewa.

Kabla ya kipimo, mgonjwa asipewe aspirini, kwa kuwa kama ubongo unavuja itazidisha uvujaji. Asipewe chakula wala maji, kwani koo huenda limepooza. Alazwe kwa ubavu kama fahamu zimepungua. Saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima iandikwe, kwani ndilo swali la kwanza la daktari.

Kikwazo kingine ni imani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa Dar es Salaam watu wengi walihusisha kiharusi na mapepo au uchawi, kuliko ilivyokuwa Hai. Saa zinazotumika kwa chale na kuchuliwa ndizo saa ambazo ubongo hauna.

Aidha, vifaa vya tiba hii huagizwa nje na vingi hutumika mara moja tu, jambo linaloifanya iwe ghali. Wataalamu nao ni wachache, ingawa tangu mwaka 2018 Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa radiolojia kutibu kwa katheta. Kwa mkoa wenye wakazi wanaokaribia milioni 3 kwa sensa ya mwaka 2022, ni wazi kwamba wengi watalindwa na kinga kuliko katheta.

Kinga hiyo haihitaji ndege. Shinikizo la 140/90 au zaidi lililothibitishwa kwa kupimwa zaidi ya mara moja linahitaji kufuatiliwa na daktari, na dawa zake zisiachwe kwa sababu mtu anajisikia vizuri. WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Watoto wenye selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, hupata kiharusi wakiwa wadogo, na dawa ya haidroksiyurea hupunguza hatari hiyo. Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI nao wako katika hatari zaidi. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, ina kliniki ambazo watu hawa huhudhuria mara kwa mara, na kuwapima shinikizo humo ni suala la dakika mbili.

Ndugu wanapoelezwa kuwa mgonjwa wao anahitaji rufaa, wana maswali matatu ya kumuuliza daktari kabla ya kuuza chochote: mshipa umeziba au umepasuka? Muda wa tiba ya katheta bado upo? Na je, hospitali anakopelekwa imekubali kumpokea? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama safari ya kilometa 1,400 ni tumaini au ni gharama tu.