Mbu wa Taveta na hesabu za wataalamu

Mgeni anayefika Taveta kwa mara ya kwanza hushangazwa na maji. Baada ya safari ndefu kutoka Voi kupitia nyika kavu ya Tsavo, ghafla anakutana na migomba, chemchemi na mifereji. Maji yanayotoka upande wa mlima Kilimanjaro hububujika huku chini, na mto Lumi huyapeleka hadi Ziwa Jipe. Ndiyo yanayowawezesha wakulima kuvuna ndizi, nyanya na vitunguu vinavyouzwa Mombasa na Nairobi. Ndiyo pia yanayomlea mbu.

Wakazi wa wadi ya Bomeni, mjini Taveta, hawahitaji kuelezwa malaria ni nini. Lakini ni wasomaji wachache wanaojua kwamba sehemu hii ya nchi, pamoja na jirani yake Upare ng'ambo ya mpaka, iliwahi kuwa kama maabara kubwa ya ugonjwa huo. Takwimu zilizokusanywa huko zaidi ya miaka 60 iliyopita bado zinatajwa na wataalamu wanaojaribu kuielewa malaria kwa kutumia hesabu na kompyuta.

Kazi hiyo iliitwa Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Ulianza mwaka wa 1954, Kenya na Tanganyika zikiwa bado chini ya Uingereza, na ulisimamiwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, mkoani Tanga. Kwanza watafiti walihesabu: watu waliozaliwa, waliokufa, watoto wenye vimelea katika damu, wenye wengu lililovimba, na mbu waliokamatwa ndani ya nyumba. Kisha, kuanzia 1955 hadi 1959, kuta za nyumba katika eneo hilo zilipuliziwa dawa ya dieldrin. (Dawa hiyo ni sumu kali inayodumu ardhini, na siku hizi imepigwa marufuku katika nchi nyingi.)

Matokeo yalionekana upesi. Mbu aina ya funestus, ambaye hupenda kukaa ndani ya nyumba na kumuuma binadamu, karibu atoweke kabisa. Watoto wenye vimelea walipungua na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Lakini kulitokea jambo ambalo halikutarajiwa. Mbu wengine wa ukoo huo huo, waitwao rivulorum, waliongezeka na kuchukua nafasi iliyoachwa. Bahati nzuri, hawa huwauma zaidi ng'ombe, kwa hivyo hawakuleta balaa jipya. Je, kama nafasi hiyo ingechukuliwa na mbu mkali zaidi?

Upuliziaji ukakoma 1959. Polepole mbu wakarudi, na vimelea pia. Wengi walihofia kwamba watoto waliokua bila kuzoea malaria wangekufa kwa wingi ugonjwa utakaporejea. Watafiti waliendelea kufuatilia hali hadi 1966, na wakaona kwamba vifo havikurudi katika kiwango cha mwanzo. Maelezo mojawapo ni kwamba wakati huo klorokwini ilikuwa imeanza kupatikana kwa urahisi. Mbu, kinga ya mwili, dawa za dukani, ng'ombe wa jirani, kila kimoja kilikuwa kinasukuma kingine. Mtu akikitazama kimoja peke yake, haelewi kilichotokea.

Hapo ndipo hesabu inapoingia.

MBU MZEE NDIYE HATARI

Wa kwanza kuiandikia malaria hesabu alikuwa daktari Mwingereza Ronald Ross, yule aliyegundua mwaka 1897, akiwa India, kwamba vimelea hukua ndani ya mbu. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Watu wengi humjua kwa hilo tu. Yeye mwenyewe alithamini sana kazi yake ya baadaye, ambapo alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua kila mbu ili kuimaliza malaria. Mbu wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hushindwa kujiendeleza na hufifia wenyewe.

Katika miaka ya 1950, George Macdonald wa London aliiendeleza hesabu hiyo na kupata jibu lililobadilisha vita dhidi ya malaria. Jibu lenyewe ni rahisi, na msomaji anaweza kulifanyia kazi kwa kalamu na karatasi.

Mbu hazaliwi na malaria. Ni lazima kwanza amuume mgonjwa, kisha vimelea vikomae tumboni mwake hadi vifike kwenye mate, ndipo amwambukize mtu mwingine. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kazi hiyo huchukua siku 12 hivi. Chukua mbu 100 waliomuuma mgonjwa leo. Ikiwa katika kila mbu 10, mmoja hufa kila siku, baada ya siku 12 watabaki mbu 28 wenye uwezo wa kuambukiza. Sasa tuseme kuna dawa ukutani, na kila siku wanakufa wawili katika kila 10. Watabaki 7 tu. Wakifa watatu katika kila 10, atabaki mmoja.

Kwa maneno mengine, kumfupishia mbu maisha kidogo tu kunapunguza malaria kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mbu akishashiba damu hupumzika ukutani, na ndiyo sababu dawa hupuliziwa huko. Chandarua chenye dawa hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, kwani mbali na kumzuia mbu, humuua kabla hajazeeka. Majaribio yaliyofanywa Kilifi katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba vyandarua vya namna hiyo vilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Mtu anayekigeuza chandarua chake kuwa uzio wa kuku afikirie tarakimu hizo.

Hesabu hii inaeleza pia jambo ambalo watu wa kaunti hii wanalijua tangu zamani. Kwenye vilima vya Taita, kama kule Wundanyi, malaria ni chache kuliko Taveta. Katika baridi ya nyuzi 20, vimelea huhitaji takriban siku 28 kukomaa. Wale mbu wetu 100, wakifa mmoja katika kila 10 kwa siku, watabaki 5 tu badala ya 28. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 16, vimelea hivyo havikomai kabisa. Kwa hivyo joto la vilimani likiongezeka kwa nyuzi moja au mbili, wataalamu wana sababu ya kushtuka.

Ross na Macdonald walitumia kalamu. Kompyuta zilipokuja, iliwezekana kutengeneza kijiji kizima cha kubuni. Ndani yake kuna watu wanaozaliwa, wanaoumwa na mbu, wanaougua, wanaopata kinga kidogo kidogo, na wengine wanaosahau kumeza dawa. Mtaalamu huuliza: tukigawa vyandarua kwa nusu ya watu, itakuwaje baada ya miaka 5? Je, tukiongeza chanjo? Swali kama hilo huhitaji kijiji hicho kiendeshwe maelfu ya mara. Taasisi moja ya Uswisi iliwahi kuwaomba watu wa kawaida duniani waazime kompyuta zao za nyumbani zisaidie kupiga hesabu hizo wakati hazitumiki, na maelfu walikubali.

NDANI YA DAMU

Kuna wanasayansi wengine ambao hawaanzii kijijini, wanaanzia ndani ya chembe moja ya damu. Mwaka wa 1949 kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini akipima damu. Aligundua kwamba hali ya kurithi selimundu ni ya kawaida Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni nadra nyanda za juu. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa hadithi imeishia hapo. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI na wenzao wa shirika la Wellcome waliikuta hali nyingine ya damu iliyoenea Pwani, iitwayo alfa thalasemia, ambayo nayo hupunguza hatari ya malaria kali. Mtu angetarajia kwamba mtoto mwenye hali zote mbili atakuwa na ulinzi maradufu. Mwaka 2005 walitangaza kinyume chake: ulinzi ulikuwa karibu upotee! Ngao mbili zilikuwa zinafutana.

Matokeo kama hayo ndiyo yanayowafanya wataalamu wa siku hizi waseme kwamba mwili ni mtandao. Jenomu ya kimelea cha malaria, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilisomwa mwaka 2002 na kukutwa na jeni zipatazo 5,300. Binadamu ana karibu 20,000. Mbu naye ana zake. Hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kufuatilia jinsi hizo zote zinavyoathiriana, kwa hivyo kazi hiyo huachiwa kompyuta. Baadaye wanahesabu wa Oxford walitumia ngao hizo zinazofutana kueleza kwa nini selimundu ni adimu katika nchi nyingi za Mediterania, ingawa malaria ilikuwako huko kwa karne nyingi.

SIMU ZA MKONONI

Mbu haruki mbali, mara nyingi ni kilomita chache tu. Malaria husafiri mbali zaidi kwa sababu inapanda matatu pamoja nasi. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia rekodi za simu za Wakenya karibu milioni 15, zikiwa zimeondolewa majina, kwa muda wa mwaka mmoja kati ya 2008 na 2009. Kila simu ilipopigwa au ujumbe ulipotumwa, mnara uliotumika uliandikwa. Kompyuta ikaunganisha safari hizo na ramani ya malaria. Ilionekana kwamba eneo la Ziwa Victoria ndilo chimbuko kubwa la vimelea vinavyosafirishwa, na kwamba vingi huishia Nairobi, ambako mbu wa kuviendeleza ni wachache.

Utafiti huo ulikuwa na kasoro moja ambayo mtu wa Taveta angeiona mara moja: minara ya simu za Kenya haiwafuati watu ng'ambo ya Holili. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Moshi na kurudi siku ya soko hupotea kwenye rekodi. Wale wa mwaka 1954 waliihesabu Pare na Taveta kama eneo moja, na kwa maoni ya mwandishi huyu mbu angekubaliana nao.

Kasoro nyingine ni ya kila siku. Kompyuta haijui chochote isipokuwa kile ilicholishwa. Ikiwa zahanati itaandika “malaria” kwa kila mwenye homa bila kupima damu, hesabu itatoka ya uongo hata kama mashine ni ya mamilioni ya shilingi. Tangu 2010 sera ya Kenya ni kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tabia ya zamani ya kununua vidonge dukani kwa kukisia inamdhuru mgonjwa, ambaye pengine ana homa ya matumbo au nimonia, na inaharibu takwimu za wilaya nzima.

Wakazi wa mijini wasijione wamesalimika. Mbu wa Kiasia aitwaye stephensi, anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji ya mjini, alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia mwaka 2016. Mwaka 2020 watafiti waliitaka kompyuta ionyeshe ni miji gani ya Afrika inayomfaa, na jibu lilikuwa kwamba watu zaidi ya milioni 126 wanaweza kuwa hatarini. Mwishoni mwa 2022 mbu huyo alipatikana Marsabit. Kufunika tangi vizuri kunasaidia, na kumwaga maji yaliyotuama kila wiki pia, kwani mbu huhitaji siku kadhaa kutoka yai hadi kuruka.

Kuna jambo dogo ambalo kila msafiri anaweza kufanya. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza kuanzia siku 7 hadi majuma kadhaa baada ya kuumwa na mbu, yaani wakati mtu ameshasahau safari. Ukipatwa na homa, maumivu ya viungo au kutapika ukiwa Nairobi au Nakuru, mwambie muuguzi kwamba ulikuwa Taveta, Kisumu au Kilifi mwezi uliopita, na uombe damu ipimwe siku hiyo hiyo. Vimelea vikionekana, dawa ya AL humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na chakula, na dozi humalizwa hata kama homa imepoa siku ya pili. Mama mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka 5 wasingoje hadi asubuhi.