Je, Wajua? Presha na Sukari Kutoka Tezi Moja

Je, wajua kwamba tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinaweza kukuletea presha na kuivuruga sukari pia?

Tezi hizo hutoa homoni iitwayo aldosteroni. Ikizidi, mwili huizuia chumvi kama mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, yanavyoyazuia maji ya bahari. Presha hupanda.

Huku chumvi ikibaki, potasiamu hutoka na mkojo. Ndiyo madini yaliyojaa kwenye maji ya dafu. Kongosho huyahitaji ili kutoa insulini. Yakipungua, insulini nayo hupungua, na sukari hurundikana kwenye damu. Misuli pia hulegea, hata kuinuka mkekani ikawa kazi. Dafu peke yake haliponyi: homoni ingali inamwagika.

Daktari Mmarekani Jerome Conn aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955. Uvimbe unaomwaga homoni hiyo ukiwa kwenye tezi moja, upasuaji huweza kuimaliza presha kabisa.

Unameza dawa tatu za presha na bado haishuki? Muulize daktari kuhusu kipimo cha aldosteroni na renini (kimeng'enya cha figo). Siku hiyohiyo, pima na sukari.