Breka inaposhuka umeme ukirudi

Umeme ukirudi usiku Kituntu, wilayani Karagwe, watoto hushangilia nyumba hadi nyumba. Lakini yapo majumba mapya, yenye taa sebuleni, barazani na kuzunguka uzio, yanayobaki gizani. Breka ya taa imeshuka. Ukiipandisha, inashuka tena, na mtoto wa darasa la saba anaendelea kusoma kwa tochi ya simu.

"Fundi, tuwekee breka kubwa yaishe," mama mwenye nyumba ataagiza. Hapo ndipo penye hatari.

Taa za LED zinasifiwa kwa kubana matumizi ya luku, na sifa hiyo ni ya kweli. Taa 20 za wati 9 ni wati 180 tu. Hazifikishi hata ampea 2. Ila ndani ya kila taa mna kapasita, mfano wa ndoo tupu. Swichi ikiwashwa, ndoo hujaa mara moja. Kwa muda usiofika sehemu ya elfu ya sekunde, taa huvuta umeme mara makumi ya kawaida yake. Taa moja haina neno. Ishirini zikivuta kwa pamoja, breka ya ampea 10 hudhani kuna shoti.

Breka hiyo imewekwa kulinda waya. Ukiweka ya ampea 32 kwenye waya mwembamba wa taa, siku ya hitilafu ya kweli waya utachemka juu ya dari kabla breka haijashuka.

Dawa ya kwanza haina gharama: umeme ukikatika, zima swichi zote, bakiza moja ya kukujulisha umerudi. Kisha washa nyingine mojamoja. Breka ikitulia, tatizo lilikuwa ni huo mvuto wa kuanzia. Ikishuka hata swichi zote zikiwa zimezimwa, au kukiwa na harufu ya kuungua, usiipandishe tena, mwite fundi.

Fundi anaweza pia kuzigawa taa kwenye swichi na breka zaidi ya moja, au kubadili breka ya aina B iwe ya aina C, ampea zilezile, baada ya kupima waya na ethi. Aina C huvumilia mshtuko wa mara 5 hadi 10 ya ampea zake. B ni mara 3 hadi 5.

Wenye chumba kimoja na kifaa cha UMETA, taa zao mbili tatu haziwezi kuleta kisa hiki.