Hadithi ya Moto kwa Wacherokee na Msimulizi Wake

Wacherokee, wenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, husimulia kwamba hapo mwanzo dunia ilikuwa na baridi. Ngurumo zilituma radi, zikaweka moto ndani ya shina la mti kisiwani. Kunguru aliufuata, akarudi mweusi. Bundi, macho mekundu. Buibui wa majini ndiye aliyefuma kibakuli cha nyuzi, akaleta kaa moja mgongoni.

Hadithi hiyo, pamoja na kueleza asili ya vitu, yamtukuza mnyonge mwenye busara. Je, ilihifadhiwaje? Mnamo 1838 na 1839 serikali ya Marekani iliwahamisha Wacherokee kwa nguvu, na maelfu wakafa. Wachache walibaki milimani. Miongoni mwao aliishi Ayunini, mganga asiyesema Kiingereza, aliyeandika dua zake kwa alama za silabi zilizobuniwa na Sequoyah na kukamilika mwaka 1821. Sehemu kubwa ya hadithi alizochapisha James Mooney mwaka 1900 zilitoka kinywani mwake. Ayunini alifariki 1899. Hakukiona kitabu, lakini jina lake limo.

Basi nasi tukusanyapo fasihi simulizi, tumtaje msimulizi: elimu ni yake.