Fuata Maji: Kwa Baiskeli Kutoka Mau Hadi Mito Miwili Inapokutana

Kila mwaka kati ya Julai na Oktoba, dunia huangalia mto mmoja wa Kenya. Nyumbu wanasukumana ukingoni, mamba wanangoja majini, na magari ya watalii yamejipanga kama matatu stendi wakati wa jioni. Msimu huo mgeni kutoka nje hulipa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara, na hapo hajalipia kitanda wala chakula. Lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza: haya maji yote yametoka wapi?

Yametoka Mau. Yakapita katikati ya majani chai ya Bomet, yakachotwa na punda, yakanyweshwa ng'ombe, yakafua nguo. Mto Mara huanza kama mito miwili: Nyangores, unaopita mjini Bomet, na Amala, unaopita Mulot. Katikati ya mito hiyo kuna Longisa, mji mdogo wa barabarani ambao wengi wenu mmeupita mkiwa mmelala kwenye matatu ya kwenda Narok.

Mimi na beshte yangu tuliamua kuifuata hiyo njia ya maji kwa baiskeli, siku mbili, kutoka ukingo wa msitu hadi mito inapokutana. Sina digrii ya mazingira, chuo kiliisha pale karo ilipoisha. Hii jiografia nimeisoma kwa miguu.

Wenzetu walianza na nini?

Ulaya hii si hadithi mpya. Kuna njia ya baiskeli inayofuata mto Rhine kutoka milima ya Alps kule Uswisi mpaka Bahari ya Kaskazini kule Uholanzi. Kuna nyingine ya mto Inn, inayoteremka kutoka Uswisi, ikapita Austria, ikaishia Passau nchini Ujerumani pale mto huo unapoingia Danube. Familia nzima hupanda baiskeli, babu mbele, mtoto nyuma, na wanalala kwenye miji midogo ambayo bila mto usingeisikia.

Usidhani kila kipande cha njia hizo kilijengwa kwa mabilioni. Sehemu za njia ya Danube zilikuwa njia za zamani ambapo farasi walivuta mashua dhidi ya mkondo. Kwingine ni barabara za wakulima zilizowekewa vibao. Njia ilikuwepo tayari, kilichoongezwa ni alama na watu wa kukupokea.

Sasa angalia Bomet. Barabara za kubebea majani chai zipo. Njia za ng'ombe kwenda mtoni zipo. Zipo tangu enzi za babu zetu. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha na kuzipa jina.

Kutoka msituni

Chanzo cha Mara kinachotajwa mara nyingi ni kinamasi cha Enapuiyapui, juu Mau, karibu mita 2,900 kutoka usawa wa bahari. Huko hatukufika. Sisi tulianzia upande wa Kiptagich, pembezoni mwa msitu, tukashuka na lami kuelekea Silibwet. Saa kumi na mbili asubuhi huko ni baridi ya kukata masikio. Beba glavu, usijifanye ngumu.

Kitu cha kwanza utakachoona ni mkanda wa chai uliokaa kati ya msitu na mashamba ya watu. Hiyo ni Nyayo Tea Zones, iliyoanzishwa mwaka 1986 ili chai iwe ukuta: mtu asivuke na shoka kuingia msituni. Kuna mahali ukuta huo umesaidia. Lakini mwaka 2001 serikali yenyewe ilitoa karibu hekta 61,000 za Mau kwa makazi, na tangu hapo tumekuwa na kesi, siasa na watu kuhamishwa, hadi ile operesheni ya 2018 na 2019. Ukipita hapo kwa gari ni kijani tu kila upande. Kwa baiskeli unaanza kutofautisha: hii ni miti ya asili, hii ni mikaratusi, hii ni chai, hapa palikuwa msitu.

Na usidanganywe na neno "kuteremka". Mto unateremka, barabara haiteremki nao. Unashuka hadi kijito, unavuka daraja, unapanda tena upande wa pili ukiwa umetoa ulimi. Kisha kijito kingine. Saa moja ya mchezo huo na nilielewa kwa nini watu wa huku hushinda mbio.

Kabla ya Bomet kuna Tenwek. Watu wanaijua kwa hospitali yake, iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1937. Wachache wanajua kwamba pale nyuma Nyangores hufanya maporomoko, na tangu miaka ya 1980 maji hayo yanazalisha umeme wa hospitali. Hebu fikiria: mgonjwa yuko chumba cha upasuaji, taa inawaka kwa sababu kuna msitu kilomita kadhaa huko juu ambao haujakatwa. Hakuna somo la mazingira linalozidi hilo.

Longisa, kati ya mito miwili

Kutoka Bomet unavuka Nyangores na kufuata barabara kuu ya Narok. Hii ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote. Malori, matatu, probox zilizobeba watu hadi kwenye buti, na pembeni ya lami hakuna nafasi. Endesha mapema, vaa rangi inayoonekana, na ukisikia honi ndefu nyuma yako, shuka kwenye vumbi. Heshima ya barabarani utaidai siku nyingine.

Ukifika Longisa mandhari yamebadilika. Chai imebaki nyuma. Hapa ni mahindi, ng'ombe na jua. Wengi wanaijua kwa hospitali ya rufaa ya kaunti, lakini Longisa ina historia nyingine ambayo vijana wengi wa hapo hapo hawaijui. Septemba 2011, ugonjwa hatari wa mahindi, ule wa virusi unaokausha mmea kuanzia majani na kuacha gunzi bila punje, uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya katika mashamba ya Longisa. Baada ya hapo ukasambaa kwingi Afrika Mashariki. Watafiti wa mahindi walikuja kulijua jina la Longisa kabla hata ya wengi wa Nairobi kujua matatu yanasimama wapi.

Naleta habari hii kwa sababu. Mkulima akipoteza mahindi misimu miwili, anatafuta pesa kwingine. Anauza mti. Analima mpaka ukingoni, pale kwenye udongo mweusi wenye unyevu, kwa sababu ndipo panapoota kitu. Kanuni zinataka ukingo wa mto uachwe, kuanzia mita 6 mpaka 30 kutegemea ukubwa wa mto. Tulipita mahali ambapo sukuma wiki imefika hadi maji yanapogusa. Ni rahisi kulaumu. Ni ngumu zaidi kumwambia mama mwenye watoto wanne aache mita 30 za shamba ili nyumbu wapate maji.

Stendi ya boda boda tulizungukwa.

"Buda, mnatoka wapi na hizi baiskeli?"

"Kiptagich. Tunafuata mto."

"Mto unawalipa?"

Kicheko. Lakini swali lile lilikaa nami kilomita zote zilizobaki, na nitalirudia.

Bibi mmoja aliyekuwa akiuza maziwa pembeni alituonea huruma. "Chamgei, kogo," nikamsalimia. "Chamgei mising," akajibu, akatuelekeza kwenye kivuli na kutumiminia mursik kwenye vikombe vya plastiki. Kama hujawahi kunywa mursik baada ya kupanda vilima nusu siku, bado hujainywa.

Mulot hadi Kaboson

Jina la Mulot mnalijua kwa habari za ulaghai wa laini za simu. Nimechoka na utani huo, na watu wa Mulot wamechoka zaidi. Ukisimama darajani utaona Amala unapita, rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ni udongo. Ni mashamba ya juu yakihama polepole kila mvua inaponyesha. Ng'ambo ya mto ni Kaunti ya Narok, lakini udongo unaopita chini yako haujui mpaka.

Kutoka huku unaacha lami. Njia za murram zinashuka kuelekea Kaboson, na hapo ndipo baiskeli inapojilipa, kwa sababu nyingine ni njia za ng'ombe tu. Uliza kila njia panda. Ramani ya simu ilituonyesha barabara mahali palipokuwa na shamba la mtu, na mtoto wa miaka kumi hivi akatutoa kwa dakika tano. Pancha nilipata mbili, zote kwa miiba ya mgunga. Hapo ujue umeshaanza kuingia nchi ya mbuga.

Halafu, karibu na Kaboson na daraja la Emarti, mito miwili inakutana. Hakuna kibao. Hakuna kibanda cha soda. Nyangores unaingia upande huu, Amala upande ule, na kuanzia hapo mto unaitwa Mara. Mahali ambapo mto unaouzwa duniani kote unapata jina lake, tulikuwa wawili, na mvulana mmoja na mbuzi wake.

Baiskeli inapogota

Mto unaendelea, wewe huwezi. Mbele kuna hifadhi ya Maasai Mara, kisha mpaka, kisha Serengeti. Huko watalii hubaki ndani ya magari, na kwa sababu nzuri: nyati hajui kengele ya baiskeli. Anayetaka kufika mwisho lazima azunguke magharibi, kupitia Kilgoris na Lolgorien hadi Isebania, avuke kwenda Sirari na Tarime, kisha akutane tena na Mara kwenye daraja la Kirumi, mahali mto umegeuka kinamasi kipana cha mafunjo. Kutoka hapo ni Musoma na Ziwa Victoria, karibu mita 1,135 kutoka usawa wa bahari. Maji yamesafiri karibu kilomita 400 na kushuka zaidi ya mita 1,700. Safari hiyo ndefu bado naidai.

Kwamba baiskeli inawezekana maeneo haya si ndoto. Juni 2021 mbio za Migration Gravel Race zilifanyika kwa mara ya kwanza Maasai Mara na maeneo jirani, siku nne, karibu kilomita 650 za murram na mawe, na waendeshaji wa Afrika Mashariki wakapambana na majina makubwa ya Ulaya na Marekani. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano Marekani, aliamini kwamba kijana wa hapa akipata baiskeli nzuri na barabara ya mazoezi, kazi iliyobaki ni yake.

Mto unawalipa?

Turudi kwa swali la boda boda. Jibu ni hapana. Ada ya hifadhi inalipwa chini, Narok. Anayeulizwa aache ukingo, apande miti ya asili na asikate mikaratusi bila mpango yuko juu, Bomet. Kuna vyama vya watumiaji maji vya Nyangores na Amala, watu wanaojitolea kulinda chemchemi na vitalu vya miche. Lakini kujitolea hakununui unga.

Njia ya baiskeli haitamaliza shida hiyo. Ila ni moja ya njia chache ambazo pesa ya mgeni inaweza kusimama Silibwet, Longisa na Mulot badala ya kupita juu kwa ndege ndogo. Mtu wa baiskeli ana njaa kila saa mbili. Anahitaji chai, chapati, fundi, kitanda na mtu wa kumwonyesha njia. Hawezi kulala kilomita 100 mbele hata akitaka. Na mwenye kibanda mtoni akianza kuuza kwa sababu ya mto, hahitaji askari wa kumkataza kuuchafua.

Kaunti ikiweka vibao vya mbao ishirini tu, kutoka msituni hadi Kaboson, tayari kuna njia. Vijana wa stendi wakipewa mafunzo ya siku chache ya kuongoza wageni, tayari kuna kazi.

Ukitaka kujaribu

Nenda Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Baiskeli yoyote yenye gia na matairi mapana inatosha, lakini kagua breki kabla ya kutoka nyumbani. Beba tyubu mbili za ziada, pampu, maji lita tatu na pesa taslimu, kwa sababu kuna sehemu mtandao unapotea. Usiogelee na usikaribie maji ovyo kuanzia Kaboson kwenda chini, viboko hawana utani. Panga kufika kabla ya jua kutua.

Na kama Januari ni mbali, kuna Septemba 15. Hiyo ni Siku ya Mara, ambayo Kenya na Tanzania huadhimisha kwa zamu tangu 2012. Kuna hotuba, kuna mahema, kuna kupanda miche. Safari hii mtu aende kwa baiskeli, akitokea juu, na udongo wa Amala kwenye viatu.