Gari la dizeli linakosa mafuta njiani? Anza na tangi, malizia na pampu

Uko njiani kutoka Rhino Camp kwenda Arua. Pikapu imebeba abiria, magunia ya mahindi na mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya rufaa. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Kila ikipanda kilima, nguvu inapungua, injini inakohoa, halafu inazima. Dereva anasubiri kidogo, anawasha tena, inakwenda kilomita mbili, inazima tena.

Wengi wetu tumewahi kukaa kando ya barabara namna hiyo, wakimbizi na wenyeji pamoja. Mara nyingi mtu wa kwanza anayefungua boneti husema: "Pampu imekufa." Kikundi kinachomiliki gari kinachanga pesa, pampu inafunguliwa na kutengenezwa, na wiki ijayo gari linazima tena mahali pale pale. Kosa lilikuwa mpira uliopasuka au filta iliyojaa uchafu.

Makala hii inakueleza jinsi ya kutafuta tatizo la mafuta kwa utaratibu, kabla ya kulipa pesa nyingi. Inahusu magari ya kazi yanayotumika sana West Nile, kama Land Cruiser na Hilux. Mengi yake yanafaa pia kwa mashine ya kusaga na jenereta ya dizeli.

Mafuta yanapita wapi?

Ukijua njia ya mafuta, utajua pa kutafuta. Dizeli inatoka kwenye tangi, inapita kwenye paipu na mipira chini ya gari, inafika kwenye filta, halafu inaingia kwenye pampu ya nozeli. Pampu hiyo inaisukuma kwa nguvu kubwa mpaka kwenye nozeli, na nozeli zinaipuliza ndani ya injini. Mafuta yanayobaki yanarudi kwenye tangi kwa paipu nyingine.

Jambo moja ni muhimu sana. Katika magari mengi ya zamani, kwa mfano Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 na silinda 6, hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya nozeli yenyewe ndiyo inayovuta mafuta kutoka nyuma, kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu, unavuta hewa badala ya soda. Ukiziba, hupati kitu. Hata chupa ikifungwa kabisa isipate hewa, soda haipandi.

Kwa hiyo matatizo mengi ya mafuta ni manne tu: njia imeziba, hewa inaingia, maji au uchafu umo ndani ya mafuta, au tangi halipumui.

Gari linakuambia nini?

Kabla ya kushika spana, angalia dalili.

- Linapoteza nguvu kwenye kilima au likibeba mzigo, lakini kwenye tambarare ni sawa: mara nyingi filta imejaa, au chujio la ndani ya tangi limeziba.
- Asubuhi ni vigumu kuwaka, likishawaka linakwenda vizuri: huenda hewa inaingia usiku na mafuta yanarudi kwenye tangi. Kagua pia plagi za kupasha joto.
- Linazima baada ya dakika nyingi, ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikiingia kwa nguvu, kisha linawaka: tangi halipumui.
- Linatetemeka, linakohoa na kutoa moshi mweupe baada ya kujaza mafuta: shuku maji au mafuta mabaya.
- Linatoa moshi mweusi mwingi: hapo mafuta yapo, hewa ndiyo haitoshi. Angalia kwanza filta ya hewa, hasa wakati wa kiangazi wenye vumbi kuanzia Desemba mpaka Machi.
- Linazima ghafla kama umezima ufunguo, na haliwaki kabisa: angalia fyuzi na waya unaoingia kwenye pampu.

Dalili hazitoi jibu la mwisho, lakini zinakuambia uanze wapi.

Usalama kwanza

Simamisha gari nje ya barabara, pasipo na mteremko. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, na uweke matawi au alama barabarani ili magari mengine yakuone. Shusha abiria na uwaweke mbali na barabara. Hakuna kuvuta sigara, hakuna mshumaa. Usiku tumia tochi.

Usivute dizeli kwa mdomo kupitia mpira. Watu wengi hufanya hivyo, na ni hatari. Tone dogo likiingia kwenye mapafu linaweza kumfanya mtu augue sana. Mtu akimeza dizeli, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Kama kuna mgonjwa kwenye gari, kumpatia usafiri mwingine ndiyo kazi ya kwanza. Piga simu kwa kituo cha afya, kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mtu mwenye gari jingine kabla hujaanza kufungua kitu. Namba za dharura za polisi Uganda ni 999 na 112.

Hatua kwa hatua, kutoka nyuma kwenda mbele

1. Hakikisha mafuta yapo. Mshale wa mafuta huwa unadanganya kwenye magari ya zamani. Ingiza fimbo safi na kavu kwenye tangi kama unaweza, au sikiliza ukigonga tangi. Kama gari lina matangi mawili, badilisha uone.

2. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba kwa vumbi au tope. Lisafishe. Kwa muda, unaweza kuendesha kifuniko kikiwa kimelegea kidogo, lakini si wakati wa mvua wala kwenye vumbi jingi.

3. Angalia mafuta yenyewe. Chini ya filta nyingi kuna skrubu au bomba dogo la kutoa maji. Weka chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, legeza, upate mafuta kidogo. Yaache yatulie kwa nusu saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari. Mafuta yenye ukungu kama maziwa yana maji yaliyochanganyika. Ute mweusi au wa kahawia ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana kwa muda mrefu. Endelea kutoa mpaka dizeli safi itoke. Kwenye magari mengi, taa ya filta kwenye dashibodi huwaka maji yakijaa. Usiipuuze.

4. Kagua filta. Kama hukumbuki ilibadilishwa lini, ibadilishe. Kuosha filta ya karatasi kwa petroli na kuirudisha si kuokoa pesa, kwa sababu karatasi inachanika na uchafu unapita moja kwa moja kwenye pampu.

5. Tafuta mahali hewa inapoingia. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanatafuta sehemu inayovuja, wanakuta pakavu, wanasema hakuna tatizo. Lakini kati ya tangi na pampu, injini inavuta. Ufa mdogo unaweza kuingiza hewa bila kutoa tone hata moja la mafuta. Pitisha mkono kwenye mipira yote, hasa kwenye kona na pale ilipofungwa klipu. Mpira uliokauka na kupasuka, ubadilishe. Kaza klipu. Angalia pia raba ya pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na raba ya filta yenyewe.

6. Tumia mpira unaoonyesha ndani. Funga kipande kifupi cha mpira wa aina hiyo kati ya filta na pampu ya nozeli, uwashe injini, utazame. Mapovu yakipita mfululizo, hewa inaingia nyuma ya hapo. Mpira huo ni wa kupima tu. Usiuache kwenye gari, kwa sababu joto la injini litauharibu.

7. Jaribu kwa jerikani. Hiki ndicho kipimo kinachookoa pesa nyingi zaidi. Weka jerikani safi yenye dizeli safi mahali pa juu, mbali na ekzosi, uifunge vizuri isianguke. Peleka mpira kutoka hapo mpaka mahali mafuta yanapoingia kwenye filta. Mpira wa mafuta yanayorudi uingize kwenye jerikani hiyo hiyo. Toa hewa, kisha washa injini gari likiwa limesimama. Likinguruma vizuri hata ukikanyaga mafuta, basi pampu ni nzima. Tatizo liko kwenye tangi au kwenye paipu za chini. Likiendelea kukohoa, tatizo liko kwenye filta au mbele yake.

8. Sikiliza pampu. Kwenye injini nyingi za zamani, ukiwasha ufunguo bila kupiga stata, kifaa kidogo cha umeme juu ya pampu hulia "tik" na kufungua njia ya mafuta. Kama hakilii, angalia fyuzi, waya na kutu kwenye kiungo chake.

Ukimaliza hatua hizi zote na gari bado halina nguvu, sasa ndipo unaweza kuzungumza juu ya pampu na nozeli. Kazi hiyo inahitaji fundi mwenye mashine ya kupimia. Usikubali pampu ifunguliwe chini ya mwembe kwa spana na nyundo.

Jinsi ya kutoa hewa

Kila ukifungua filta au mpira, au tangi likikauka kabisa, hewa inaingia na lazima itolewe.

Safisha kwanza vumbi kuzunguka filta. Legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo. Bonyeza pampu ya mkono mara nyingi. Mwanzoni yatatoka mapovu. Mafuta yakitoka bila mapovu, kaza skrubu huku mafuta yakiendelea kutoka. Endelea kubonyeza mpaka pampu iwe ngumu. Piga stata kwa sekunde zisizozidi 15, kisha pumzika nusu dakika au zaidi. Ukipiga bila kupumzika utaua betri na stata, na sasa utakuwa na matatizo mawili.

Onyo kwa magari mapya: kama injini ina maandishi kama D-4D au CRDi, usilegeze kamwe paipu za nozeli. Ndani yake kuna nguvu inayoweza kupita bari 1,000. Mafuta yakitoka kwa nguvu hiyo yanaweza kutoboa ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumfanya mtu apoteze kidole au mkono. Mtu akitobolewa hivyo, aende hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu makali.

Chanzo mara nyingi ni jerikani

Tukiwa mbali na vituo vya mafuta vya Arua na Koboko, tunanunua dizeli kando ya barabara. Jerikani ile ile jana ilibeba maji, juzi mafuta ya kupikia. Wakati wa mvua inajazwa bila kufunikwa. Wauzaji wengine huongeza mafuta taa. Mafuta taa yanapunguza ulaini unaolinda pampu, na huwezi kuyatambua kwa macho tu.

Unaweza kujilinda hivi:

- Jaza mjini kabla ya kuondoka na uombe risiti.
- Weka jerikani maalumu ya dizeli, iandike, isitumike kwa kitu kingine.
- Ukinunua njiani, mimina kidogo kwenye chupa kwanza, uangalie.
- Acha jerikani itulie, mimina kupitia kitambaa kisafi kilichosukwa karibu karibu, na ubakize mafuta ya chini bila kuyamwaga kwenye tangi.
- Usiache tangi likiwa karibu tupu usiku. Hewa iliyo ndani inapopoa inaacha matone ya maji.
- Beba filta moja, mpira wa mita moja, klipu nne na spana zinazofaa.

Ukigundua umewekewa petroli kwenye gari la dizeli, usiwashe hata mara moja. Tangi litolewe mafuta yote kwanza.

Mafuta machafu uliyotoa usiyamwage chini. Yanafika kwenye bustani ya jirani na kwenye kisima ambacho wakimbizi na wenyeji wanateka pamoja. Yaweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na watoto, na uyapeleke gereji.

Kama gari ni la kikundi

Nunueni daftari moja likae ndani ya gari. Andikeni tarehe ya kubadilisha filta, kilomita, mahali mafuta yaliponunuliwa, na dalili aliyoiona dereva. Siku fundi akisema pampu imekufa, mwombeni kwa heshima afanye kipimo cha jerikani mbele yenu. Fundi mzuri hatakasirika. Ni kazi ya nusu saa, na inaweza kuwaokolea akiba ya msimu mzima.